Je, nibadilishe namba za vitabu vyote vya maktaba ya shule?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata hapa Temeke, na tangu Januari nimekabidhiwa maktaba. Ina vitabu kama 4,000. Aliyenitangulia alitumia mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, na ameacha kabatini juzuu za toleo la 19 la mwongozo wake. Kijana aliyekuja kujitolea, amesomea ukutubi, anasema toleo hilo limepitwa na wakati, tubandue stika zote tuhamie toleo la 23. Walimu wenzangu wanasema tuache kama ilivyo. Halafu mbona vitabu vya Kiswahili vina namba ndefu kuliko vya Kiingereza? Wanafunzi wanachoka kuzisoma. Na kadi za zamani za orodha ya vitabu nizitupe?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kijana wako ana haki kuhusu toleo, na wenzako wana haki kuhusu ukubwa wa kazi. Ila kuna kitu ningeomba ukikague kabla hujanunua stika hata moja. Nenda rafu ya Biolojia, chukua vitabu kumi vya Kiingereza, ufungue kila kimoja nyuma ya ukurasa wa jina, pale penye mchapishaji na mwaka. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, vingi vina namba ya Dewey iliyochapwa humo humo, na baada ya namba pameandikwa dc19, dc20, dc21 au dc22. Hicho kifupi ndicho kinachokutajia toleo lililotumika.

Sasa linganisha na stika iliyo mgongoni. Nimefanya kazi hii hapa Dar es Salaam zaidi ya miaka thelathini, na katika kila maktaba ya shule niliyoitwa kuitazama nimekuta jambo lile lile: mtunzaji alinakili namba ya kitabuni kama alivyoikuta. Simlaumu, hakuwa na mtu wa kumuuliza. Lakini matokeo yake ni kwamba kabatini una toleo moja, na rafuni una matatu au manne yaliyokaa pamoja. Hilo ndilo linalowapoteza wanafunzi wako. Namba ya zamani inayofuatwa kwa vitabu vyote haimpotezi mtu. Kinachompoteza ni namba moja yenye maana mbili.

Nitakaa kwenye Biolojia kidogo kwa sababu ndiko utakakoliona wazi. Katika toleo la 19, Biolojia ya jumla ilikuwa 574. Mageuzi na urithi vilikuwa 575, na vijidudu 576. Toleo la 21, la mwaka 1996, likaipanga upya sayansi ya viumbe karibu yote. Biolojia ya jumla ikapanda 570, na 574 ikaachwa tupu. Urithi na mageuzi vikaingia 576, yaani chumba kile kile walichokuwa wakikaa vijidudu, na vijidudu vikahamishiwa 579. Ile 575 ikapewa sehemu za mimea. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha nne anayetafuta habari za bakteria akienda 576, kulia atakuta kitabu cha bakteria chenye namba ya zamani, kushoto atakuta cha jeni chenye namba mpya, na bakteria wengine wako 579 asikojua. Ataondoka na kitabu kimoja akiamini maktaba haina kingine.

Kwa nini wanaofanya mapitio ya mfumo huu wanatutesa hivi? Hili linahitaji historia kidogo. Melvil Dewey alipotoa mpango wake mwaka 1876 ulikuwa kijitabu cha kurasa 44. Katika toleo la pili, mwaka 1885, akatoa ahadi kwa maktaba: namba hazitabadilishwa ovyo. Alijua kwamba kila namba inayobadilika ni mtu mahali fulani anayebandua na kubandika. Lakini elimu haikai. Mwaka 1876 hapakuwa na kompyuta, na zilipokuja zikabanwa ndani ya 001.64, zikawa na tarakimu nyingi kwa jambo dogo, hadi mwaka 1985 zilipopewa 004, 005 na 006. Kwa hiyo kila toleo linavutwa pande mbili. Mapitio yasipofanyika, vitabu vipya vinakosa pa kukaa. Yakifanyika kwa wingi, maktaba zinakataa kuyafuata.

Kukataa huko kumewahi kutokea. Mwaka 1951 lilitoka toleo la 15 ambalo wahariri walilikata kupita kiasi. La 14 lilikuwa na maingizo zaidi ya 30,000, hilo jipya likabaki na chini ya 5,000, na mada nyingi zikahamishwa. Maktaba nyingi zikaliweka pembeni zikaendelea na la 14, hadi toleo la 16 lilipotoka mwaka 1958 na kurudisha undani uliokatwa. Huwa nawasimulia wakutubi vijana habari hii kwa sababu inaonyesha haki yetu: toleo jipya likitoka, maktaba ina ruhusa ya kusema sehemu hii tunaichukua sasa, ile tunaiacha. Tangu hapo wahariri wamekuwa wakichagua sehemu chache katika kila toleo, wanazivunja na kuzijenga upya kabisa, na nyingine wanazigusa kidogo tu. Sheria na hisabati zilijengwa upya mwaka 1971, muziki mwaka 1989, viumbe na utawala wa umma mwaka 1996. Toleo la 23 ni la mwaka 2011, na tangu hapo marekebisho yanaingizwa mtandaoni kidogo kidogo, kwenye huduma ya kulipia ambayo shule ya kata haiihitaji.

Huo muziki ndio ulionifundisha mimi. Nilikuwa kijana katika maktaba moja ya hapa mjini, toleo la 20 likaletwa. Mkuu wetu akaamua: vitabu vipya vipewe namba mpya, vya zamani viachwe, tutavifikia baadaye. Ilionekana busara. Baada ya muda akaja mzee mmoja, mpiga fidla wa kikundi cha taarab, anatafuta kitabu cha nyimbo alichowahi kukisoma pale pale. Kwenye kadi nikaona 782, kwa sababu tulikuwa tumepata nakala mpya na kadi ikachapwa upya. Nakala mpya ilikuwa imeazimwa. Nikamwambia mzee hakipo, arudi wiki ijayo. Akarudi, bado. Mara ya tatu akanishika mkono akanipeleka mwenyewe kwenye rafu aliyoizoea, 784, akakitoa: nakala ya zamani, ina vumbi, stika imegeuka rangi ya chai. Toleo la 19 liliweka nyimbo 784. La 20 likazihamishia 782, na 784 likaipa ala na vikundi vya wapigaji. Nakala mbili za kitabu kimoja zilikuwa zimekaa mbali, na ile ya zamani ilikuwa imezungukwa na vitabu vya okestra. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa nyinyi wenyewe mnavipataje?" Sikuwa na jibu, na swali lile sijalisahau.

Ndiyo maana nakuambia, Mwalimu, sehemu ihame yote au isihame kabisa. Hiyo ndiyo kanuni ninayoisimamia kuliko nyingine zote. Usikubali "vipya tuweke huku, vya zamani tutaviona".

Tuhesabu kazi. Kitabu kimoja kukitoa, kukubaliana namba, kufuta ya zamani, kuandika mpya ndani, kubandika, kurekebisha kadi na rejesta, kukirudisha: dakika kumi kwa mtu aliyezoea. Vitabu 4,000 ni dakika 40,000, zaidi ya saa 660. Ukiwa na saa mbili kwa siku baada ya vipindi, ni siku 333 za kazi, yaani karibu miaka miwili ya masomo, na muda wote huo nusu ya maktaba inasema lugha moja na nusu nyingine. Wazo la kijana wako la kubandua zote lina nia njema ila litawachosha mkiwa katikati, na katikati ndipo pabaya zaidi.

Chagueni sehemu tatu. Ya kwanza ni Biolojia, 570 hadi 599. Ya pili ni kompyuta: chochote kilichobaki 001.64 kiende 004 hadi 006, na kwa shule yenu sidhani vitazidi rafu moja. Ya tatu ni dini, na hapa nataka uwe mwangalifu.

Dewey aliipa dini namba mia, 200 hadi 299, na karibu zote akawapa Wakristo. Uislamu wote ukabanwa kwenye 297. Kwa mji kama wetu, ambapo darasa moja lina Fatuma na Maria kwenye dawati moja, rafu hiyo ukiitazama inauma: Ukristo unatawanyika mita kadhaa na Uislamu umesongamana mahali pamoja wenye namba za mkia mrefu. Matoleo ya 21 na 22 yamejitahidi kurekebisha. Uislamu umepanuliwa ndani ya 297, kwa hiyo Kurani, sheria na historia zinatengana vizuri. Mambo ya jumla ya Ukristo yameondolewa kwenye 201 hadi 209 yakapelekwa 230 hadi 270, na zile 201 hadi 209 sasa ni za dini kwa jumla, vitu vilivyokuwa 291. Umeona hatari? Kitabu cha historia ya Kanisa chenye 209 ya zamani, ukikiacha hapo, kwa namba mpya kinasomeka kama kitabu cha dini zote. Kiende 270. Msianze na dini kabla hamjazoea. Ifanyeni ya mwisho, na mmoja wa walimu wa dini, au wote wawili, wawepo mnapopanga.

Yaliyobaki yaacheni kwa toleo la 19. Historia ya Tanzania iko 967.8 na Zanzibar 967.81, hakuna haja ya kuigusa. Fizikia, kilimo, fasihi ya Kiingereza, vivyo hivyo.

Sasa chombo muhimu kuliko juzuu za Dewey: daftari. La kawaida, jalada gumu. Juu ya ukurasa wa kwanza andika: "Maktaba hii inafuata toleo la 19, isipokuwa sehemu zifuatazo." Kila sehemu mnayoihamisha iandikwe humo, tarehe mliyoanza, tarehe mliyomaliza, namba ya zamani na mpya, na sababu. Kikija kitabu chenye dc22 ndani, hamnakili tena. Mnafungua daftari kwanza kuona maktaba yenu imeamua nini. Mwalimu atakayekupokea miaka ijayo ataweza kuendelea bila kubahatisha, jambo ambalo wewe hukupata.

Biolojia ifanyeni likizo ya Desemba. Ikiwa ni vitabu 350, kwa hesabu ile ile ni saa kama 58. Wanafunzi sita waliofundishwa vizuri wanamaliza ndani ya siku chache. Toeni vitabu vyote rafuni, vyote, viwekwe mezani. Mwenye kuamua namba awe mtu mmoja tu, wewe au huyo kijana, ili msitofautiane. Aandike namba mpya kwa penseli nyuma ya ukurasa wa jina. Penseli, tafadhali. Joto na unyevu wa Dar es Salaam vinaua gundi: stika inajikunja pembeni, selotepu inageuka njano, gundi inachuruzika inashika kitabu cha jirani, na siku moja stika inadondoka. Ikidondoka, namba ya penseli ndiyo itakayokirudisha kitabu mahali pake. Ya zamani piga mstari mmoja juu yake, usiifute hadi isisomeke, maana huenda mkahitaji kujua kilitoka wapi.

Mkishamaliza, rafu tupu ya 574 iwekeeni kibao: "Biolojia ya jumla imehamia 570." Kikae mwaka mzima. Unakumbuka mabasi ya mikoani yalipotoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021? Kituo kilikuwa kimehama, lakini miguu ya watu ilikuwa bado inakwenda Ubungo. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wameizoea 574. Watakaoingia kidato cha kwanza baada ya hapo hawatakuwa na shida yoyote.

Nije kwenye swali la Kiswahili, ambalo nakiri ndilo lililonifanya niandike kwa urefu. Dewey aligawa fasihi hivi: 810 Marekani, 820 Kiingereza, 830 Kijerumani, 840 Kifaransa, 850 Kiitaliano, 860 Kihispania, 870 Kilatini, 880 Kigiriki, na karibu lugha nyingine zote duniani zikapangiwa 890. Ndani yake lugha za Afrika zilipata 896, na Kiswahili 896.392. Ongeza tarakimu ya utanzu: 1 ushairi, 2 tamthiliya, 3 riwaya na hadithi. Riwaya ya Kiswahili ni 896.3923, tarakimu saba; ya Kiingereza ni 823, tarakimu tatu. Mapitio yote niliyokusimulia hayajaligusa hilo, na sitarajii kwamba yataligusa, kwa sababu kuhamisha 820 ni kubandua stika za dunia nzima.

Lakini mfumo wenyewe unatoa ruhusa, na ni wachache wanaoijua. Maktaba inayotaka kuipa lugha yake nafasi ya mbele inaweza kutumia herufi: maelekezo yanatoa mfano wa fasihi ya Kiarabu kuwa 8A0, ikitangulia 810. Kwa njia hiyo Kiswahili kinaweza kuwa 8K: ushairi 8K1, tamthiliya 8K2, riwaya 8K3. Isimu na sarufi, ambazo sasa ni 496.392, zingekuwa 4K kwa kanuni ile ile. Mtoto wa Temeke anayetafuta tamthiliya ya Vita vya Maji Maji angeenda 8K2 na herufi tatu za mwandishi, basi.

Je, nakushauri ufanye hivyo? Kwa shule yako, ndiyo. Kwenye maktaba za shule, fasihi ya Kiswahili ndiyo inayosomwa hadi kurasa zinatoka, na kuifanya iwe ngumu kupatikana ni kumwadhibu msomaji kwa lugha yake. Ila ufanye ukijua gharama zake. Kwanza, hakuna maktaba nyingine itakayokuwa na namba hizo. Mwanafunzi akienda Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed atakutana na 896.392, kwa hiyo mfundishe zote mbili. Pili, mkija kuingiza orodha kwenye kompyuta, kwa mfano kwa programu ya Koha ambayo ni ya bure, mashine hupanga herufi baada ya tarakimu, hivyo 8K3 itaangukia baada ya 899 wakati rafuni mmeiweka kabla ya 810. Orodha na rafu vikitofautiana, mnarudi kwenye yale ya mzee wa taarab. Wekeni 8K mwisho wa 800 tangu mwanzo, mwandike kwenye daftari kwamba mmeamua hivyo, na tatizo halipo.

Vitabu vingi vya Kiswahili vinavyochapwa hapa nyumbani havina namba ya Dewey ndani, kwa hiyo utaiamua mwenyewe, na utapata shaka mara nyingi. Je, wasifu wa mshairi ni 8K1 au ni historia? Uweke 8K1, wasomaji wa mashairi yake ndio watakaoutafuta. Je, methali? Ziko 398.9, ziache huko pamoja na vitendawili vya 398.6. Ukikwama nenda Maktaba Kuu, tembea kwenye rafu yao ya 896.392 na daftari mkononi, utaona walivyoamua wao. Hilo jengo Mwalimu Nyerere alilifungua tarehe 9 Desemba 1967, na wakutubi wake wamekuwa wakipambana na maswali haya haya tangu wakati huo.

Kadi za zamani usizitupe. Kwa kila kitabu kinachohama, geuza kadi, andika nyuma yake namba mpya na tarehe, uirudishe kwenye droo mahali ilipokuwa. Mwanafunzi akifuata namba ya zamani akakosa, msaidizi wako atageuza kadi na kumpeleka rafu sahihi. Kadi za Biolojia zitakaa na namba mbili hadi waliozoea 574 watakapomaliza shule. Mkianza Desemba hii, wa mwisho watakaoikumbuka ni hawa walioingia kidato cha kwanza Januari.